Gofu Ni Mashimo 18: Namna ya Kucheza Raundi Nzima Bila Kuporomoka

Aprili 10, 2011, Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini, kijana wa miaka 21, umri wa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hapa chuoni, alianza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne. Mashimo tisa ya kwanza hayakumwendea vizuri sana, lakini alipofika kwenye tii ya shimo la 10 bado alikuwa mbele kwa mkwaju mmoja. Hapo akaupiga mpira ukakata kushoto, ukagonga mti, ukaangukia kwenye vijumba vya wageni ambako mpira hauna kazi. Shimo la mikwaju minne akalimaliza kwa saba. La 11 akapoteza mkwaju mwingine. La 12 akafika griini, kisha akausukuma mpira mara nne ndipo ukaingia. Siku ile alimaliza na mikwaju 80, akaangukia nafasi ya 15 pamoja na wengine.

Sasa weka hilo pembeni ya jambo hili: siku tatu kabla, kwenye uwanja uleule, alikuwa amepiga 65. Na miezi miwili baadaye alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba siku ile alisahau kupiga mpira. Mpigo ulikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuibeba raundi kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho bila kuiangusha njiani.

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu kila ninapokaa na wasomi wenzangu wanaojifunza gofu, mazungumzo yote ni ya mpigo. Shika fimbo hivi, zungusha bega hivi, usiinue kichwa. Jioni nzima watu wanatumiana video za draiva. Halafu Jumamosi mtu huyohuyo anacheza mashimo sita kama mfalme, shimo la saba anakula tisa, na kutoka hapo anatembea tu uwanjani kama aliyefiwa. Kwa mtu anayecheza kujiburudisha, hilo ni la kuchekwa tu wakati wa soda. Lakini wapo wenzetu walioanza kama makedi, wakabeba mifuko ya wakubwa, wakajifunza kwa fimbo za kuazima, na sasa wanatafuta nafasi kwenye timu. Kwao raundi moja ya mchujo ina uzito. Kamati haiangalii mkwaju wako mzuri kuliko yote. Inaangalia namba iliyoandikwa chini ya kadi.

Tuanze na hesabu basi, maana gofu ni hesabu kabla ya kuwa kitu kingine.

Uwanja wa kawaida una mashimo 18 na jumla ya mikwaju 72. Idadi iliyowekewa kila shimo wachezaji huiita paa (haina uhusiano na swala wala mabati), na ukiizidi kwa mkwaju mmoja umepata bogi. Mchezaji wa kawaida, mwenye handikapu ya 18, akipata bogi kila shimo anamaliza na 90. Hiyo ni siku nzuri kwake. Sasa mpe mtu huyo mashimo matatu tu mabaya, shimo la nne akaliandika nane. Kila moja limemwongezea mikwaju mitatu juu ya bogi yake, jumla tisa, na kadi inasoma 99. Ili kufidia tisa hizo, inabidi apate paa tisa kwenye mashimo 15 yaliyobaki. Mtu ambaye kwa kawaida anashukuru akipata paa tatu kwa siku! Ni kama kufaulu masomo saba kwa raha halafu la nane likurudishe Septemba kwenye sapu.

Kwa hiyo kucheza kwa usawa raundi nzima hakuna maana ya kupata mikwaju mizuri mingi zaidi. Maana yake ni kuyafanya mashimo yako mabaya yawe mabaya kidogo. Nane iwe sita. Ukifanya hivyo mara tatu kwa raundi umeshusha mikwaju sita bila kubadilisha chochote kwenye mpigo wako, na hakuna kocha atakayekupa mikwaju sita kwa mwezi mmoja.

Ushahidi wa wazi kabisa ninaoujua ni wa Nick Faldo, Mwingereza, mwaka 1987 kwenye Open kule Muirfield, Scotland. Siku ya mwisho, kwenye ukungu na baridi, alipata paa mashimo yote 18. Hakuna shimo hata moja alilopata pungufu, hakuna alilozidisha. Kuangalia kulikuwa kunachosha, nakubali. Lakini Mmarekani Paul Azinger, aliyekuwa akiongoza, alipata bogi kwenye mashimo mawili ya mwisho, na Faldo akachukua kombe kwa mkwaju mmoja.

Sasa shimo baya huzaliwaje? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mara nyingi sana halizaliwi na mkwaju mbaya wa kwanza. Linazaliwa na wa pili, ule wa kutaka kulipa deni palepale. Mpira umeingia kwenye miti, griini unaiona kwa mbali kupitia upenyo mdogo kati ya matawi, na moyo unasema "inapita hii." Haipiti. Inagonga shina, inarudi nyuma, na sasa una hasira juu ya tatizo. Kuanzia hapo kila mkwaju unapigwa na hasira.

Mfano uliobaki kwenye historia ni wa Jean van de Velde, Mfaransa, mwaka 1999 kule Carnoustie. Alisimama kwenye tii ya shimo la mwisho la Open akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Shimo la nne. Hata akilipiga sita, kombe lake. Angeweza kutumia fimbo fupi mara tatu, akafika griini taratibu, akamaliza. Akachukua draiva, mpira ukaenda kulia. Bado alikuwa salama. Mkwaju wa pili akaulenga moja kwa moja griini ng'ambo ya kijito kinachoitwa Barry Burn. Mpira ukagonga chuma cha jukwaa la watazamaji, ukarudi, ukadunda kwenye ukuta wa kijito na kutua kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukaingia majini. Watu wote wanaikumbuka picha yake akiwa amevua viatu, amekunja suruali, amesimama ndani ya maji anautazama mpira. Alikubali adhabu, mkwaju uliofuata ukaingia mchangani, na mwishowe akamaliza na saba. Saba ile ilimpeleka kwenye mashimo ya ziada pamoja na Justin Leonard na Paul Lawrie, na Lawrie, aliyeianza siku akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, ndiye aliyeshinda.

Watu humcheka Van de Velde kwa kuvua viatu. Mimi naona pale kijitoni alikuwa ameshachelewa. Uamuzi ulikuwa wa mkwaju wa pili, wakati mpira ulikuwa mahali pazuri na yeye hakuwa na haja yoyote ya kuvuka maji kwa fimbo ndefu. Alicheza shimo la mwisho kama vile hajui alichonacho mkononi.

Kanuni ninayowapa wanaoanza ni hii, na ni ya kihafidhina kwa makusudi: mpira ukitoka nje ya njia, mkwaju unaofuata kazi yake ni moja tu, kuurudisha njiani. Hata ikiwa ni kurudi pembeni mita 20. Hata ikiwa ni kurudi nyuma. Ukishakuwa kwenye nyasi fupi, shimo linaanza upya na madeni yanahesabika. Na pale ambapo huwezi hata kupiga, mpira umekaa kwenye mizizi au ndani ya kichaka, sheria zenyewe zinakupa mlango wa kutokea. Unatangaza kwamba mpira hauchezeki, unajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, halafu unachagua: kurudi ulikopiga mara ya mwisho, au kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia mpira wako, au kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kusogea karibu na shimo. Unadondosha kutoka usawa wa goti, siku hizi, si begani. Wengi wanaona aibu kutumia sheria hii, kana kwamba ni kukiri umeshindwa. Mkwaju mmoja wa adhabu ni bei rahisi. Kupiga mzizi mara tatu na kuumiza kifundo cha mkono ndiyo ghali.

Kuna na mpira wa akiba. Ukihisi wa kwanza umepotea, tangaza na piga mwingine kabla hujaondoka pale. Kutafuta mnapewa dakika tatu tu, sio tano kama zamani, na ukilazimika kurudi kwenye tii kwa miguu huku kundi la nyuma linakutazama, shimo hilo na linalofuata yote yameshaharibika.

Jambo la pili ni namna ya kupiga kila mkwaju kwa utaratibu uleule. Angalia wachezaji wazuri, wawe wa televisheni au yule mzee wa klabu anayekushinda kila wiki akiwa na tumbo lake. Anasimama nyuma ya mpira, anachagua sehemu ya kulenga, anajaribu mpigo mara moja, anasogea, anatazama lengo, anapiga. Muda ni uleule kwenye shimo la kwanza na la 18, akiwa mbele au nyuma. Sisi tukiwa na furaha tunapiga harakaharaka, tukiwa na hofu tunasimama juu ya mpira mpaka mikono inakufa ganzi. Sheria inapendekeza usizidishe sekunde 40 ikifika zamu yako, na sekunde 40 ni nyingi kuliko unavyodhani. Pima utaratibu wako kwa kuuhesabu kimoyomoyo ukiwa mazoezini. Ukijikuta kwenye mashindano umezidi hesabu, rudi nyuma ya mpira uanze tena.

Ndani ya utaratibu huo ndimo uchaguzi wa fimbo unapokaa, na hapa vijana tunajidanganya sana. Mtu amewahi kupiga aini 7 mita 150 mara moja, upepo ukiwa mgongoni na ardhi ikiwa kavu, basi kuanzia siku hiyo aini 7 yake ni ya mita 150. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni 130. Ndiyo maana mipira yetu mingi inaanguka mbele ya griini, kwenye mchanga au majini, na kwa nadra inapita nyuma. Chukua fimbo moja ndefu zaidi ya ile kiburi chako inayotaka, lenga katikati ya griini, sahau bendera. Bendera ikiwa imewekwa pembeni karibu na maji, aliyeiweka pale alikuwa anakuwinda.

Niongeze kwamba hesabu za umbali hazihami kirahisi kutoka uwanja hadi uwanja. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kucheza Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, atakuta mpira unaruka mbali zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Atakutana pia na nyasi za kikuyu, zile nene zinazoshika fimbo kama mkono wa mtu. Nyasi hizo zilitoka huku kwetu Afrika Mashariki zikasafiri hadi viwanja vya California, na wachezaji wa kule wanazilalamikia vilevile. Ukitua uwanja mgeni, tumia siku ya mazoezi kupima fimbo tatu tu unazozitumia zaidi. Na msikilize kedi. Kedi wa uwanja ule ameona mamia ya watu wakikosea pale unapotaka kukosea, na heshima ya kumwuliza "kaka, hapa unaonaje?" itakuokolea mikwaju ambayo hakuna kitabu kinachoijua.

Kwenye griini sina maneno mengi. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kwa takwimu alizozichambua Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, wanaingiza karibu nusu tu ya mipira yao kutoka futi nane, yaani kama mita mbili na nusu. Wao! Sasa wewe unayekasirika kukosa mita tatu, unakasirikia nini? Kazi yako kutoka mbali ni kuusogeza mpira karibu ili wa pili uingie bila mjadala. Mashimo yetu mabaya yana sukuma tatu au nne ndani yake, na karibu kila mara ya kwanza ndiyo ilikuwa fupi mno au ndefu mno. Kwa hiyo kabla ya raundi, dakika kumi za griini ya mazoezi zitumie kupima nguvu tu.

Halafu kuna kadi. Usijumlishe kadi yako katikati ya raundi. Andika namba, weka kadi mfukoni. Mtu akigundua kwenye shimo la 14 kwamba akipata bogi nne atavunja rekodi yake, hapo hapo anaacha kucheza gofu na kuanza kulinda namba. Mbinu inayofaa ni kuigawa raundi katika vipande sita vya mashimo matatu. Kila kipande kina lengo lake dogo, kwa mwenye handikapu ya 18 tuseme isizidi bogi tatu, na kikiisha kimeisha. Kipande kibaya kinazikwa kwenye tii inayofuata, na kizuri pia. Hili la kizuri watu hulisahau. Baada ya mkwaju wa ajabu, mwili unachangamka, mkono unakaza, na draiva inayofuata inaenda msituni.

Ukitaka faraja, tazama Tiger Woods kwenye Masters ya 1997. Mashimo tisa ya kwanza kabisa ya mashindano alipiga 40, namba ya mchezaji wa klabu. Tisa zilizofuata akapiga 30, na mwisho wa siku nne alishinda kwa mikwaju 12. Na huyohuyo McIlroy wa vijumba vya wageni, Aprili 2025, aliirudia Augusta kwa mara nyingine. Wiki ile alizidisha paa kwa mikwaju miwili kwenye mashimo manne, mawili siku ya kwanza, mawili siku ya mwisho, likiwemo shimo la kwanza la siku ya mwisho. La 13 akaupeleka mpira majini kwa fimbo fupi akiwa anaongoza. Na bado, baada ya kila moja alipiga mkwaju uliofuata kama mkwaju wa kawaida, akafika kwenye shimo la ziada dhidi ya Justin Rose, akashinda. Miaka 14 ilikuwa imepita.

Tukiwa na hali halisi ya huku kwetu, mwili nao una sehemu yake. Raundi inachukua saa nne na zaidi, unatembea kilomita nane hadi kumi, mara nyingi juani. Viwanja vingi vya ukanda wetu vina mashimo tisa tu, hivyo unavizunguka mara mbili, na mzunguko wa pili unawakuta watu wameishiwa. Mwanafunzi aliyekunywa chai kavu asubuhi kwa sababu bumu limechelewa hawezi kufikiri vizuri kwenye shimo la 15. Beba maji, kunywa kidogo kila baada ya mashimo mawili kabla hujasikia kiu. Beba ndizi mbili na karanga; chipsi mayai za katikati ya raundi zitakulaza. Kuanzia shimo la 14, ongeza fimbo moja kwenye kila umbali kwa sababu miguu imechoka hata kama wewe hujisikii. Hicho kitu kimoja tu kinaokoa watu wengi.

Mazoezi ya haya yote hayahitaji pesa. Wiki moja cheza kwa pointi badala ya mikwaju, kwa mtindo aliouanzisha daktari Frank Stableford, ulioanza kutumika Wallasey, Uingereza, mwaka 1932: pointi mbili kwa kufikia kiwango chako, moja ukizidi kwa mkwaju mmoja, sifuri ukizidi kwa miwili au zaidi, unaokota mpira unaendelea. Utajifunza kuliacha shimo lililokufa. Wiki inayofuata rudi kwenye mikwaju, ambako hakuna kuokota, uone kama mazoea yamebaki. Kila raundi weka daftari: kwa kila shimo lililozidi bogi, andika mstari mmoja tu, mkwaju gani ulioanza maafa na ulikuwa unataka kufanya nini. Baada ya raundi tano utaona jambo lilelile limeandikwa mara saba.

Na raundi haiishi mpira unapoingia shimo la 18. Mwaka 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza siku ya mwisho ya Masters kwa 65, siku ya kuzaliwa kwake, akitimiza miaka 45, na hiyo ilitosha kumpeleka kwenye mashimo ya ziada dhidi ya Bob Goalby. Lakini mwenzake aliyemwandikia kadi alikuwa ameweka nne kwenye shimo la 17 badala ya tatu, na De Vicenzo akatia saini bila kukagua. Kwa sheria, namba kubwa iliyotiwa saini inabaki ilivyo: 66, na Goalby akavishwa koti la kijani. Ukiandika namba ndogo kuliko uliyopiga, unaondolewa kabisa. Kwa hiyo kaeni chini na mwenzako, someni shimo kwa shimo kwa sauti, ndipo mtie saini.